Madoa Matano ya Beya

Jina la marehemu Mabruk lilitoka kinyumenyume kwenye marumaru ya kaburi lake, na kabla ya saa nne asubuhi mtaa mzima wa makaburini, hapa Bizerte, Tunisia, ulikuwa umeshakwenda kulitazama. Herufi zetu za Kiarabu hushikana mikono. Kila moja hubadilika umbo kulingana na jirani yake. Zile za Mabruk zilisimama mbalimbali kama watu waliogombana wakisubiri basi moja, na iliyotakiwa kuwa ya mwisho ndiyo iliyotangulia. Roboti ya mchonga mawe Lotfi ilizichonga hivyo hivyo, kina sawa, kingo safi, ikapuliza vumbi lake na kujizima. Mtoto wa marehemu, ambaye ni muuza nyama, alilisoma jiwe mara mbili kisha akauliza hiki ni Kiarabu cha nchi gani.

Mkahawani, aliyecheka kuliko wote alikuwa Khemais. Alikuwa na haki yake. Miaka arobaini na moja amekuwa akiandika na kuchonga majina ya maiti wa mji huu kwa mkono, na huyo Lotfi, mtoto wa kaka yake, alijifunzia kazi kwake kabla ya kuvuka barabara na kufungua karakana yenye mkono wa chuma. Lakini wanaomjua Khemais wanajua kwamba akicheka kwa sauti vile, kuna kitu anakifunika.

"Cheka, cheka," alisema Mongi huku akigawa karata. Mongi ni mstaafu wa posta, na kwa kuwa siku hizi hakuna anayeandika barua, amejiona shahidi wa kila kitu kinachokufa. "Miaka mitano tu, Khemais. Roboti itakuosha, itakufukia, itakuandikia na jiwe. Wewe kazi yako itakuwa kufa basi."

"Hata kufa kwenyewe watatupangia foleni."

"Haichoki, haiumwi mgongo, haiombi kahawa."

"Ndiyo maana haijui inachoandika. Imemgeuza Mabruk wa watu kinyumenyume, ikajifuta vumbi, ikalala. Ningefanya mimi hivyo, ningehama mji."

Lotfi aliingia wakati huo, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, akavuta kiti bila kukaribishwa. Hakuwa na hasira na mtu, alikuwa amechoka tu.

"Roboti haina kosa, ami," alisema. "Alfajiri programu imejibadilisha yenyewe huko kwa kampuni yake. Nimelala ina Kiarabu, nimeamka haina."

"Si uwapigie simu?" alisema Mongi.

"Nimepiga. Imepokea mashine. Imeniambia kwa Kifaransa kizuri sana kwamba mimi ni mtu muhimu kwao. Nimesubiri mpaka nimemaliza mkate. Halafu ikaniambia lugha yangu iko kwenye orodha ya kushughulikiwa."

"Hamia kampuni nyingine, bwana. Wamejaa."

"Wako wapi? Iliyokuwa nzuri waliinunua. Iliyokuwa rahisi waliinunua wakaizima." Lotfi alichukua kahawa ya Mongi akainywa. "Nisikilizeni. Mkono ule wa chuma ni wangu, nimeununua. Akili yake nimepanga, kila mwaka nailipia. Mwenye nyumba akiamua kung'oa mlango, mimi nitafanya nini?"

Lilikuwa jambo ambalo Khemais hakuwahi kulifikiria, naye hapendi kufikirishwa na vijana.

"Basi roboti si adui yangu," alisema. "Ni kibarua kama mimi. Matata yako kwa bosi wake."

"Mnasikia?" Mongi aliwageukia wa meza ya jirani. "Jana alitaka kuivunja kwa nyundo. Leo anataka kuiingiza kwenye chama cha wafanyakazi."

Watu walicheka, Khemais naye. Kikombe chake alikishika kwa mkono wa kushoto, na kilikuwa nusu, kwa sababu sasa alikuwa akiagiza nusu. Karata zake alizilaza kifudifudi mezani badala ya kuzishika. Mongi, aliyesoma anwani za watu kwa miaka thelathini, hakuona.

"Ila kitu kimoja nakupa," Mongi alisema mwishoni, na safari hii hakutania. "Jiwe la Beya, Mungu amrehemu. Hapo roboti haina nafasi. Hilo utaandika wewe, na sote tutakuja siku ya arobaini kuliona."

Khemais alisema inshallah, akaaga, akaondoka na kahawa yake haijaisha.

Beya alikuwa mkewe. Alikufa wiki tatu nyuma, asubuhi, akichambua dengu, moyo ukasimama bila kuuliza. Hawakujaliwa mtoto. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mwenye kununa kwingi, na hakujua kusoma hata herufi moja. Haya yote mtaa uliyajua. Ambalo haukulijua ni kwamba miaka miwili iliyopita mkono wa kulia wa Khemais ulianza kutetemeka.

Hakumwambia mtu. Beya hakuambiwa pia, aliona mwenyewe mchuzi ukimwagika kwenye kijiko kabla haujafika mdomoni, akafuta meza. Kesho yake aliingia karakana, akafunga mlango, akasimama nyuma yake na kumshika kiwiko, kama mtu anavyomshikia mwenzake ngazi. Khemais alimfokea. Beya hakuondoka. Kalamu ya tete iligusa jiwe na mstari ukaja umenyooka. Tangu siku hiyo hakuna jina lililoandikwa wala tindo lililogongwa bila vidole vyake hapo kwenye kiwiko, vikibana kidogo mkono ulipotaka kuruka, vikilegea ulipotulia. Hakujua anaandikwa nani, mpaka amuulize mumewe. Akiambiwa ni fulani, alisema Mungu amsamehe, wakaendelea. Mawe yote ya miaka miwili, ambayo watu walisema mkono wa Khemais unazidi kuiva uzeeni, yalikuwa ya wawili.

Na sasa lilikuwa limebaki jiwe la Beya mwenyewe. Khemais alilijaribu mara tatu. Mara ya kwanza wino ulikwenda ovyo, akafuta. Mara ya pili alifunga mkono kwa kitambaa kwenye ukingo wa meza, akaandika kitu kinachosomeka, kisha tindo likaruka na kumega herufi. Mara ya tatu alimega marumaru yenyewe, bamba zuri kutoka machimbo ya Thala alilokuwa ameliweka kwa ajili ya jiwe lake mwenyewe. Akakaa chini sakafuni, akalia, na haikumsaidia kitu. Kumpa kazi mchongaji wa mji mwingine kulikuwa ni kukiri. Kumwacha Beya na kibao cha mbao siku ya arobaini, mke wa mwandika mawe, ilikuwa aibu ambayo hangeweza kuibeba.

Zilipobaki siku nne, alivuka barabara. Mvua ilikuwa ikinyesha, na karatasi aliificha kifuani, ndani ya koti.

"Ami," alisema Lotfi, akainuka. "Kuna nini?"

Khemais aliikunjua karatasi juu ya meza. Alikuwa amekesha siku mbili juu yake: jina la Beya kwa ukubwa, jina la baba yake, tarehe mbili, na maneno ya kumwombea rehema. Kila mstari ulitetemeka kutoka mwanzo hadi mwisho. Lotfi aliutazama mwandiko, akautazama mkono ulioushika, na akili yake ikamwenda mbio akikumbuka vikombe nusu na karata zilizolazwa.

"Mashine yako imesahau kuandika," alisema Khemais. "Lakini kunakili inaweza?"

"Inaweza, ami. Hiyo haihitaji kujua lugha."

"Basi nakili. Na ufunge mdomo."

Lotfi aliipiga karatasi picha, ikatokea kwenye skrini. Kabla hajagusa kitu, programu ilifanya ilichozoea kufanya. Mistari ikajinyoosha yenyewe mbele ya macho yao, mitetemo ikafutika, na chini yakaja maandishi ya Kifaransa ambayo Lotfi aliyasoma kwa sauti kabla ya kuyaelewa: mchoro umesafishwa, madoa thelathini na moja yameondolewa.

Nukta zote za herufi zilikuwa zimekwenda. Ile moja ya chini mwanzoni mwa jina, mbili za katikati, mbili za juu mwishoni. Matano kati ya madoa hayo yalikuwa ya Beya, na bila hayo jina lake halikuwa jina la mtu yeyote.

"Naweza kuzirudisha nukta," Lotfi aliharakisha kusema. "Naweka za mashine. Na mstari unabaki umenyooka hivi. Tazama, ami, ni mwandiko wako wa zamani. Hakuna atakayejua."

Khemais alitazama. Ulikuwa mwandiko mzuri. Ungeweza kuwekwa juu ya mlango wa benki. Haki isemwe, alitamani kukubali. Alifikiria mkahawa, alifikiria Mongi, alifikiria wateja ambao wangeanza kuvuka barabara mmoja mmoja. Akatafuta kwenye mstari ule mahali ambapo Beya angebana, asipaone. Mstari haukuhitaji mtu.

"Huu wa nani?"

"Wako. Uliosafishwa."

"Rudisha wa kwanza."

"Ami, watu wataona."

"Rudisha, na madoa yake."

Lotfi alirudisha. Programu ikauliza swali refu, kurasa na kurasa, na chini kitufe kimoja cha kukubali. Lotfi akabonyeza.

"Umekubali nini?" aliuliza Khemais.

"Sijui, ami. Ukikataa haichongi."

Mkono wa chuma ulishuka, maji yakafunguka, kazi ikaanza. Khemais alivuta ndoo akaikalia. Aliuona ukipita kila mahali mkono wake ulipopita, kila mruko, kila pale alipopotea na kurudi, na kuchonga mtetemeko wote huo bila wenyewe kutetemeka hata kidogo. Alimchukia kibarua yule wa chuma, na alimshukuru, na hakujua afanye nini na vitu hivyo viwili kwa pamoja.

Siku ya arobaini, baada ya alasiri, walipanda mlima wa makaburi. Yasini ikasomwa, mikate na tende vikagawanywa, kisha watu wakasogea kulitazama jiwe. Wa kwanza kusema alikuwa Haja Saluha, jirani, aliyemzika mumewe mwezi uliopita.

"Mwandiko mzuri jamani," alisema. "Una mawimbi. Lotfi mwanangu, nami nataka huu huu kwa marehemu wangu. Mnaweza?"

Lotfi alitazama viatu vyake. Alikuwa anajua jambo tangu asubuhi, na hakuwa amepata ujasiri wa kulisema.

"Wanaweza," alisema. "Kampuni imeleta ujumbe leo. Kiarabu kimerudi, na wameongeza mwandiko mpya. Ni huu. Herufi zilizokosekana kwenye karatasi ya ami wamezibuni wenyewe. Jina lolote ukitaka, linatoka hivi."

Basi hiki ndicho Lotfi alichokikubali kwenye kile kitufe, Khemais akaelewa: mwandiko wake sasa ulikuwa wa kampuni. Alimgeukia Haja Saluha, na sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Si mawimbi, Haja. Si mapambo. Mkono wangu unatetemeka."

Akaunyoosha mbele yao wauone. Haja Saluha aliweka kiganja mdomoni. Akasema Mungu akuponye, na baada ya muda, kwa sauti ndogo, kama anayejiombea msamaha, akaongeza kwamba hata hivyo ni mzuri, na angependa.

Watu walianza kuteremka. Mongi alibaki, kofia yake nyekundu mkononi.

"Tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Acha zako. Jiwe la ndugu yangu uliandika mwaka jana. Limenyooka."

"Lile tuliandika na Beya. Alikuwa ananishika kiwiko."

Mongi alilitazama jiwe, akapitisha kidole kwenye herufi ya kwanza, polepole, kilima na bonde, mpaka kwenye nukta yake. Njia ya kushuka ilikuwa na utelezi wa mvua, na walipoifikia ngazi Mongi alinyoosha mkono na kumshika Khemais kiwiko cha kulia, kwa nia njema kabisa.

Khemais aliutoa mkono ule, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Hapana, Mongi," alisema. "Hapo pana mwenyewe."

Wakateremka wakifuatana, Mongi mbele, Khemais akijishikilia ukutani.