Karatasi ya mahudhurio niliyoipitisha mimi

Leo mbunge ametusomea majina yetu wenyewe, na mimi ndiye niliyeyakusanya.

Tulimwalika hapa kijijini kwetu, Muleba. Tulitaka azuie mikaratusi, miti inayokausha maji, inayopandwa kwenye bonde letu la chemchemi.

Shangazi Kokugonza alisimama wa kwanza.
"Chemchemi niliyochota tangu usichana sasa inatoa matope," alisema.

Mbunge alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua faili.
"Mama, mbona mliridhia wenyewe? Saini zenu hizi hapa."

Akaanza kusoma. Alipofika kwenye jina la mume wa shangazi, tuliyemzika juzi juzi tu, shangazi akakaa chini taratibu.

Nilisogea kuiangalia ile karatasi.

Jamani, ilikuwa ya mahudhurio ya mkutano wa mwaka jana. Niliipitisha mwenyewe kwenye mabenchi, nikisema, "Andikeni tu, ni mahudhurio." Kisha nikaikabidhi ofisi ya kijiji. Kuna mtu ameiambatanisha na barua ya kuridhia.

Niliwaeleza wote hivyo. Mbunge akasema atafuatilia, lakini miche imeshashika.

Watu waliondoka bila kuniaga. Nawaelewa.

Shangazi alinisubiri nje.
"Twende nyumbani ukale, kuna ebitoke," akasema.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nimekula ndizi zake huku nimeinamisha kichwa. Jumapili nitakaa kanisani na watu wale wale.

Ninyi mngewaambia nini?