Mwaka Niliomkondesha Mume Wangu

Mume wangu alikuwa mnene, na sifa zilikuwa zangu. Nilipoolewa naye alikuwa kijana mwembamba, suruali yake ikishikiliwa na mshipi na maombi. Tulipata chumba katika laini za wafanyakazi za Kamenu, mjini Thika, nikawasha jiko, nikaanza kazi. Kila alipoongezeka, wanawake wa laini waliniongezea heshima. Kufikia katikati ya miaka ya hamsini tumbo lake lilikuwa likiingia mlangoni kabla yake, na wasichana walioolewa juzi walikuwa wakija kwangu kuomba ushauri.

Mama yake aliishi Ruiru, kijijini, karibu na mashamba ya kahawa. Akija kututembelea hakuanza na watoto. Alimzunguka mwanawe kwanza, akamtazama mgongo na mashavu jinsi mtu anavyomtazama ng'ombe kabla ya kukubali bei. Kisha alinishika mkono na kusema, "Umenitunzia." Hatukupendana sana, mimi na yeye, lakini juu ya jambo hilo tulielewana kabisa.

Nilimtunza kwa chapati. Nilimtunza kwa viazi vya kukaanga, kwa nyama yenye mafuta ya kumeta, kwa githeri ya mahindi na maharagwe niliyoikaanga mara ya pili ili inoge, na kwa chai iliyokuwa sukari kwanza na chai baadaye. Alipomaliza sahani nilimwongezea bila kuuliza. Mke anayeuliza "Nikuongezee?" huonekana anatamani jibu liwe hapana, na mimi sikuwa mke wa namna hiyo.

Alikuwa nyapara wa stoo katika kiwanda kimoja cha kufunga matunda mikebeni, upande wa viwanda wa Thika. Asubuhi moja alipanda ngazi kutazama makasha ya juu, akafika, akashindwa kushuka. Moyo ulimwenda mbio na pumzi haikuja. Alikaa kule juu ameshika rafu, na wafanyakazi walipomuuliza kulikoni, akasema anahesabu. Wakamngoja amalize.

Hakwenda kwa dresa, mtoa dawa wa kiwanda. Alikwenda kwa daktari Mhindi aliyekuwa na chumba kidogo nyuma ya maduka ya mjini, na akanichukua niende naye. Daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akageuka akazungumza na mimi, kana kwamba mgonjwa alikuwa mali yangu niliyoileta kutengenezwa.

"Mama, moyo ya bwana iko choka. Hii mafuta yote moyo nabeba. Kama hapana punguza, wewe takuwa mjane mapema."

Nikamuuliza dawa ni ipi.

"Dawa iko jikoni kwako," akasema. Mafuta kidogo, sukari kidogo, mboga nyingi, nusu ya sahani ya zamani. Na kutembea kwa haraka kila siku, mpaka jasho litoke.

Tulipotoka nje mume wangu alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya barabarani, akaniambia mtu yeyote asijue. Sikuhitaji kuelezwa. Kiwandani, aliyesemekana kuwa na moyo mbovu alilipwa siku zake akaenda. Na Mkikuyu asiye na kazi, miaka ile ya hali ya hatari, hakuwa na ruhusa ya kukaa mjini. Angeandikwa na kurudishwa rizavu, vijiji walivyotengewa Wakikuyu, na chumba chetu kingepewa mwingine kabla jiko halijapoa. Basi ilikuwa hivi: nikiendelea kumpikia vizuri atakufa, na nikieleza kwa nini simpikii tena, tutafukuzwa. Nilichobaki nacho ni kumpikia vibaya na kunyamaza.

Nikaanza. Nilichemsha mboga za managu na terere, nikatia chumvi na kitunguu, basi. Ugali ulikuwa wa kiasi cha ngumi yake, na ngumi yake wakati huo ilikuwa kubwa, kwa hiyo mwanzoni hakulalamika. Chapati zilikwisha nyumbani mwangu kabisa. Chai bila sukari aliinywa huku ametazama ukuta. Wiki za kwanza alikuwa na hasira ya mtu aliyeibiwa, na aliyemwibia ndiye aliyelala naye kitanda kimoja. Siku moja alinikuta nimekaa na sufuria ya maharagwe, akaniuliza kama nampenda. Nikamwambia ndiyo, nikaondoa sufuria.

Kutembea kulitusumbua zaidi. Jioni akitoka kazini alipita nyumbani, akavua koti, akaenda kwa mwendo wa kasi hadi karibu na mto Chania na kurudi. Siku zile mwanamume mzima hakutembea haraka bila sababu, na hasa Mkikuyu. Askari alimsimamisha.

"Unatoka wapi?"

"Nyumbani."

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Sasa hapa unafanya nini?"

 Walimsachi, wakatazama paso yake ya ruhusa, wakamwambia aende polepole kama watu wengine.

Ili apate sababu akaanza kubeba Biblia kwapani. Askari walimwacha, lakini watu wa Kamenu walimwona. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa akiitwa nyumba hii akaombee mtoto, nyumba ile akaombee mume mlevi, na kila nyumba ilimpa chai nzito na mandazi, kwa kuwa mtumishi wa Mungu hatoki mlangoni mikono mitupu wala tumbo tupu. Uzito ukaanza kurudi. Nilimwambia airudishe Biblia kabatini, na kwamba Mungu ataelewa. Akabadilisha njia, akawa anatembea alfajiri, wakati wafanyakazi wanaelekea viwandani na kila mtu anakwenda haraka.

Akakonda. Kwanza shingo ilionekana. Kisha mashavu yakashuka, na siku moja akavaa koti la harusi na likafunga vifungo vyote. Alipanda ngazi za stoo na kushuka bila kuhesabu chochote. Mimi nilifurahi kimyakimya, nikasikiliza pumzi zake usingizini zikiwa laini, nikamshukuru Mungu. Laini nzima haikufurahi hata kidogo. Lisemwalo lipo, wakasema, na wakaanza kutafuta liko wapi. Wengine walisema napeleka chakula kwetu. Wengine walisema nimemlisha kitu. Aliyenipenda sana alisema huenda ni minyoo.

Kisha wakaja akina mama wa kanisa. Kiongozi wao alikuwa jirani yetu, mwanamke mwema sana, ambaye mumewe alikuwa karani kiwanda kile kile. Walikuja Jumamosi mchana na vyondo vizito, wakanipita mimi pale mlangoni, wakapanga vyungu mbele ya mume wangu. Kulikuwa na njahi, yale maharagwe meusi, zilizopondwa na ndizi mbivu, na uji wa kuchachua kwenye kibuyu. Njahi kwetu hupikiwa mwanamke aliyejifungua, arudishe damu. Mara ya mwisho akina mama hao kuja na njahi nilikuwa nimejifungua mtoto wetu wa tatu.

Mume wangu alizitazama. Nadhani ndiye mwanamume wa kwanza Kamenu kuletewa chakula cha mzazi.

"Lakini mimi si mgonjwa," akasema.

"Mgonjwa haulizwi uji," akajibu kiongozi. "Kula, baba. Damu irudi."

Akala vijiko kadhaa, akawashukuru, nao wakaomba kwa sauti ili Bwana aulainishe moyo wa mtu fulani aliyekuwa ndani ya chumba hicho. Nikasema amina.

Wakawa wanakuja kila Jumamosi. Kutupa chakula ni dhambi, watoto wangu walikuwa wadogo, na njahi hazilali vizuri. Nikazila mimi. Nikala njahi, nikala ndizi, nikanywa uji, wiki baada ya wiki, na nguo zangu zikaanza kubana mikononi. Mume akipungua na mke akiongezeka katika chumba kimoja, hakuna anayehitaji shahidi mwingine. Nilijua jinsi tunavyoonekana. Hata mimi, ningekuwa jirani, ningenisema.

Mama mkwe alifika akamzunguka mwanawe kama kawaida. Safari hii alimaliza upesi. Hakunishika mkono. Alisema, "Nitawaita Ruiru," akafunga leso yake na kurudi na basi la jioni.

Nilijua maana yake. Mke anayemnyima mume chakula ana kesi, na kesi ikimlemea hurudishwa kwao. Watoto hubaki kwa ukoo wa baba yao. Sikuwa nimeogopa hivyo maishani, wala askari na bunduki zao hawakuwahi kunitia hofu ya namna ile. Mume wangu alisema ataeleza kila kitu. Nikamuuliza atakula wapi baada ya kueleza.

Jumapili tuliyoitwa tulikwenda Ruiru kwa miguu, kuvuka mto Ndarugu na kupita mashamba ya mkonge ya Juja, kwa sababu aliambiwa atembee kila siku na hakutaka kukosa hata moja. Tulifika na vumbi hadi magotini. Mama mkwe alipoona mwanawe ametembea kutoka Thika, akaweka mikono kichwani.

"Ngai! Hata nauli anamnyima!"

Uani palikuwa na mzee wa ukoo kwenye kigoda, na watu wa nyumbani kwenye mabenchi. Kando yao alikaa kiongozi wa akina mama wa kanisa, aliyetoka Kamenu na basi kuja kutoa ushahidi. Nilipomwona nilijua neno la ugonjwa haliwezi kutamkwa pale. Lingefika kwa mumewe usiku, na kiwandani Jumatatu.

Mzee hakupoteza wakati. Alituambia tusimame, mimi na mume wangu, bega kwa bega. Tukasimama. Watu wakatutazama, mmoja baada ya mwingine, kuanzia miguuni kupanda. Kanda ya gauni langu ilikuwa imepanuliwa wiki hiyo.

"Mimi naona sina maswali mengi," mzee akasema. "Mama watoto, wewe ndiye unapima chakula ya huyu mtu?"

Mume wangu akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi nampimia. Na kesho nitampimia vile vile."

Uani pakachafuka. Kiongozi wa kanisa akaanza kulia, na najua alilia kwa kunihurumia. Mzee akaniuliza sababu. Nikamwambia ni mume wangu. Akaniuliza kama hilo ni jibu. Nikamwambia ndilo nililonalo.

Basi mzee akasema hukumu haitolewi watu wakiwa na njaa, waliotoka mbali wale kwanza. Mama mkwe akainuka akaenda jikoni. Mume wangu akamfuata. Mwanamume mzima kumfuata mama yake jikoni si jambo linalopita bila kutazamwa, na walitazamwa mpaka mlango ukafungwa. Wakakaa humo. Sikusikia neno hata moja, na nilikuwa nasikiliza kwa mwili mzima.

Mlango ulipofunguliwa mama mkwe alitoka na chungu. Alipakua mukimo wa viazi na mahindi. Alimpakulia mzee, akampakulia mgeni wa kanisa, akanipakulia hata mimi. Mwishoni alijaza sahani ya mwanawe hadi kilele, mkono wake ukifanya kile ulichozoea. Akaitazama. Kisha, mbele ya wazee na wageni wote, akachukua mwiko na kurudisha nusu chunguni.

Nilisikia mtu akivuta pumzi. Mama kumpunguzia mwanawe chakula mbele ya watu, hakuna aliyewahi kuona.

"Huyu apewe hivi," akasema. "Mwenye swali aniulize mimi. Mimi ndiye nimemzaa."

Mzee alikula, akafuta mdomo, akaeleza habari za mvua. Kesi yangu haikutajwa tena siku hiyo wala baadaye, na siri ya mtungi ikabaki kwa kata.

Jioni mama mkwe alitusindikiza hadi barabarani. Mume wangu alitangulia, mwendo wake ule wa kasi, nasi tukabaki nyuma. Baba yake alikuwa amefariki miaka mingi kabla sijaolewa, na sikuwahi kuambiwa aliuawa na nini. Mama mkwe alimtazama mwanawe akipanda kilima bila kusimama. Akanishika mkono, akaukaza mpaka ukauma.

"Baba yake alikuwa akipanda hapa akihema," akasema. "Maitu, mama yangu, mimi nilifikiri ni njaa. Nikamwongezea."