Mistari Elfu Tisa ya Mwalimu Wenseslaus

Watu wa Uru, kwetu mlimani, wakikuambia Mwalimu Wenseslaus ni mkaidi, wamekuambia nusu tu. Alinifundisha hesabu sekondari. Aliwahi kunichapa kwa sababu niliandika jibu sahihi bila kuonyesha njia, na mpaka leo, nina miaka arobaini na tisa, sijawahi kumjibu vibaya. Wengine wataiita hiyo heshima. Mimi nitaeleza ilichofanya, kisha kila mtu aite anavyotaka.

Jina langu Gladness, ila wateja wananiita Mama Davis. Nina duka la kutengeneza kompyuta pale Njoro, mjini, chumba kimoja, meza mbili, na harufu ya risasi ya kuchomelea isiyotoka hata ukifungua dirisha.

Mwalimu alianza kuandika programu yake mwaka 1993, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, kwenye kompyuta pekee ya shule. Aliiita Stoo. Kazi yake ni moja: inahesabu dawa za zahanati, na inamwonya mhudumu dawa zinapokaribia kuisha muda. Hakumwuzia mtu. Zahanati ndogo kumi na nne zinaitumia mpaka leo, kuanzia huko juu kwenye migomba mpaka upande wa Bomang'ombe, na wahudumu wengi hata hawajui kwamba aliyeiandika ni mzee anayefuga ng'ombe wawili na kupalilia kahawa yake mwenyewe.

Enzi zile kila zahanati ilikuwa na mashine yake ya msaada, na kila mashine na tabia zake. Kulikuwa na moja ya Ujerumani iliyohifadhi namba kwa mpangilio uliogeuzwa, nyuma mbele. Nyingine haikuwa na herufi za kutosha. Na kulikuwa na zile ndogo, ambazo namba ikizidi elfu thelathini na mbili na ushee zinachanganyikiwa. Uziambie una vidonge elfu arobaini, zinakujibu umepungukiwa na elfu ishirini na tano. Basi Mwalimu akaandika vifungu ndani ya programu: kama mashine ni hii, pita huku; kama ni ile, pita kule. Alifanya kazi safi. Tatizo ni kwamba mashine hufa, vifungu havifi mpaka mtu avifute.

Miaka sita iliyopita jicho lake la kushoto lilizimika. Presha ya macho. Mwaka jana daktari akamwambia la kulia nalo linafuata, labda mwaka, labda miezi. Hapo ndipo Mwalimu aliposhuka dukani kwangu, akakaa kwenye stuli, akaniambia bila kuzunguka: "Gladness, nitafutie mtu wa kumwachia Stoo. Nikipofuka haina mwenyewe."

Nilimtafutia Kindness, mtoto wa kaka yangu. Anaishi mtaa wa Soweto, hapahapa mjini, anaandika programu za watu wa nje akiwa sebuleni kwake, miguu kwenye kochi. Ana akili, na mdomo anao pia. Akaisoma Stoo wiki mbili, akaniita.

"Shangazi, hii programu ni nzuri, sikudanganyi. Nitaibeba. Lakini sibebi na maiti zake. Nikitaka kubadilisha kitu kimoja inabidi nikibadilishe mara nne, na mara tatu ni za mashine ambazo sijaziona hata kwenye picha. Afute kwanza. Mwezi wa saba naanza mkataba mwingine, baada ya hapo sina nafasi hata ya kujikuna."

Ulikuwa mwezi wa tano, mvua bado inanyesha. Mwalimu akaja Soweto na koti lake la kijivu na karatasi alizochapa kwa herufi kubwa. Nikadhani atapigana. Wapi! Mashine ya Ujerumani aliifuta asubuhi ileile, akisimulia jinsi walivyoibeba na mkokoteni. Ile ya herufi alimaliza kabla ya chakula. Alikuwa na utaratibu wake: hafuti mpaka apige simu kwa wenye mashine na kusikia kwa masikio yake kwamba haipo tena.

Zikabaki zile ndogo. Zilikuwa zimebeba mistari elfu tisa, karibu robo ya programu nzima, na kwa hesabu ya Mwalimu dunia nzima imebaki moja tu inayofanya kazi: ya Sista Salvina, kwenye zahanati juu kabisa Uru. Akampigia, simu ikiwa kwenye spika.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista. Ile mashine niliyokuletea, bado mnaitumia?"

Sista akakohoa. Kisha: "Tunaitumia, Mwalimu. Mungu akubariki, inatusaidia sana."

"Basi," Mwalimu akasema, akamgeukia Kindness. "Kuna mtu. Huwezi kumfungia mtu mlango akiwa bado ndani."

"Mwalimu, huyo ni mtu mmoja."

"Nimesema kuna mtu."

Kindness akafunga laptopu yake. Akamwambia kwa adabu kwamba kama ni hivyo basi yeye hataweza, atafute mwingine. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akakunja karatasi zake. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai na uso ukiwaka moto, kwa sababu mashine ya Sista Salvina nilikuwa nimeizika mimi mwenyewe.

Ilipigwa na radi mwaka 2014. Mimi ndiye niliyeifungua, nikanusa, nikamwambia Sista hapa hakuna kitu. Nikamwuzia laptopu, nikaweka Stoo ile mpya, kazi ikaendelea. Mwezi uleule Mwalimu alifiwa na mkewe, mama Victoria. Sista akasema tusimwambie sasa, tusimwongezee msiba, maana mashine ile aliipandisha mlimani yeye na mkewe kwa mikono yao. Nikakubali. Nani angekataa? Tukasema tutamwambia arobaini ikipita. Ikapita. Tukasema Krismasi, watu wakipanda nyumbani. Krismasi ikafika, Mwalimu akapanda na disketi mkononi, marekebisho ya mwaka mzima kwa ajili ya mashine ya Sista. Sista akaipokea kwa mikono miwili, akampa bakuli la mtori, akamwambia umeme hakuna leo, Mama Davis atakuja kuiweka. Jioni Mwalimu akanipigia.

"Umeweka?"

"Nimeweka, Mwalimu."

Nilisema hivyo mwaka ule, na uliofuata, na uliofuata. Disketi zipo kwenye kabati la Sista, zimepangwa vizuri, hakuna hata moja iliyowahi kuingia popote. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yetu ilikuwa na miaka kumi na moja.

Siku mbili baadaye nilipanda kwa Sista nikiwa nimefura. Nikamwuliza kwa nini alidanganya tena, na safari hii mbele ya watu wanaotaka kumsaidia. Sista Salvina ni mwanamke wa miaka sabini na kitu, mdogo wa umbo, hatishwi na mtu. Akanitazama.

"Wewe ulikuwa wapi, Gladness? Si ulikuwa umekaa palepale?"

Tukakaa, tukanywa chai. Akasema atakwenda yeye kumwambia. Nikamwambia hapana, aliyesema "nimeweka" ni mimi, nitakwenda mimi. Akatoka nje mpakani mwa shamba, akakata jani la sale, akalifunga fundo, akanipa. Kwetu ukimpelekea mtu sale umekiri kosa na unaomba msamaha, na anayeletewa hakatai. Sista ni mtawa, lakini ni Mchagga kwanza.

Nilimkuta Mwalimu anakatia ng'ombe majani ya mgomba. Nikampa shikamoo, nikamkabidhi lile jani. Alilishika, akalipapasa kwa kidole gumba mpaka akafika kwenye fundo. Akaniambia nikae.

Nikamweleza yote. Radi, laptopu, kabati, disketi. Sikujitetea, na nilijisikia vibaya kiasi kwamba nilikuwa namtazama ng'ombe badala ya kumtazama yeye.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mwaka aliofariki mama."

Akaliviringisha jani kidoleni. Nikadhani anamkumbuka mkewe. Kumbe anahesabu.

"Kwa hiyo na ya mwaka 2019?"

Nikamwuliza ipi. Akanieleza taratibu, kama alivyokuwa anaeleza darasani. Mashine zile ndogo zilishika mwaka kwa tarakimu mbili tu. Alivyozipanga tangu mwanzo, tarehe ya kuisha ya mwaka 2020 zingeisoma kama 1920, na dawa zote nzuri za Sista zingeonekana zimeoza miaka mia moja iliyopita, wahudumu wazitupe. Kurekebisha kulimchukua kuanzia Agosti mpaka mwisho wa Novemba.

"Nilikuwa na tarehe ya upasuaji Septemba," akasema. "Jicho la kushoto. Nikawaambia wanisogeze mbele, nimalizie kwanza ya Sista. Niliporudi Desemba, daktari akasema limeshachelewa."

Mungu wangu. Nilijua jicho limekufa. Sikujua kwamba na mimi nilihusika. Nilikumbuka Krismasi ile: aliponipigia kuniuliza kama nimeweka, nilikuwa nakaanga nyama, na nikajibu hata bila kupunguza moto. Nililia pale kwenye kigoda, mimi ambaye sikulia hata kwenye msiba wa baba yangu.

Mwalimu hakuninyamazisha. Wala hakunilaumu. Lile jani lilikuwa mkononi mwake, na alikuwa ameshalipokea. Baadaye aliinuka, akawamalizia ng'ombe majani, akarudi.

"Mwambie Kindness nakuja Jumatatu."

Walifuta kwa siku tisa. Kindness alitaka kuvifuta vifungu vyote kwa mkupuo, Mwalimu akakataa: kimoja kimoja, na kila wakifuta kimoja wanaijenga programu upya na kuijaribu kwa orodha ya dawa za kweli. Siku ya tatu programu ilianguka, wakatafuta mpaka wakaona kwamba kifungu kimoja cha mashine ndogo kilikuwa kinafanya pia kazi ya mashine mpya kimyakimya. Bila ule ukaidi wake zahanati kumi na nne zingeamka na hesabu za uongo. Kindness akaanza kumwita babu. Mimi nilipeleka chakula, nikakaa pembeni.

Siku ya tisa, tarehe tano mwezi wa sita, programu ilisimama kwa miguu yake, nyepesi. Kindness alikuwa na furaha kama mtu aliyefaulu mtihani. Akageuza laptopu, akamsogezea Mwalimu karibu kabisa.

"Tazama babu, sehemu ya tarehe. Ilikuwa kurasa sita, sasa hata ukurasa haijai. Umeionaje?"

Mwalimu akainama mbele ya kioo. Akakaa hivyo kidogo, mikono magotini.

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana, mwanangu. Umeipanga vizuri."

Kindness akatabasamu. Lakini mimi nilikuwa nimekaa ubavuni, nikaona kwamba jicho lile la kulia halikufuata mistari. Lilikuwa limetulia mahali pamoja, juu ya kioo, kwenye ukuta. Hakutaka kumharibia mtoto siku yake. Na nikaujua ule upole, kwa sababu nimeutumia miaka kumi na moja.

Nilitamani kunyamaza. Hilo nalisema wazi. Ilikuwa rahisi mno kunyamaza.

"Kindness," nikasema, "haoni. Hajasoma hata herufi moja. Msomee."

Mwalimu akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu anifundishe nikiwa na miaka kumi na tano nilikuwa nimemtolea siri yake mbele ya mtu. Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza. Akaitikia kwa kichwa, akamwambia Kindness, "Kweli. Tangu juzi."

Kindness akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana. Akaanza kusoma kwa sauti, mstari kwa mstari, alama kwa alama, na Mwalimu akafumba macho yote mawili ili asikie vizuri. Walipofika mstari wa kumi na nne akainua kidole.

"Rudia huo."

Kindness akarudia.

"Huo bado unahesabu mwaka kwa tarakimu mbili," Mwalimu akasema. "Futa."