Kisa Kilichokatizwa na Mbuzi

Nilitoka Mbeya jana alfajiri, nikalala Kahama, na leo basi limesimama Nyakahura ili abiria wanunue ndizi za kuchoma. Chini ya dirisha langu mama mmoja alikuwa anamenya maharage mabichi huku akimsimulia mwanawe habari za fisi. Mteja akamwita, hadithi ikakatika, mtoto akanuna. Nilicheka peke yangu. Nami nilinuna hivyo hivyo zamani, msimu mzima, kule Mabawe.

Kwetu hadithi zilikuja na maharage. Jioni bibi alimwaga fungu uani, wajukuu tukamenya. Mikono ikisimama, hadithi nayo inasimama. Msimuliaji hodari alikuwa mzee jirani. Alisimulia kwa Kihangaza, akibana pua kuiga sauti ya sungura, huku harufu ya ndizi zinazochemka ikitutesa.

Jioni moja alisimulia jinsi kobe alivyomwibia sungura mtama, kisha kobe huyo akaenda hadi mlangoni kwa sungura. Mzee akaishia hapo, akasema atamalizia kesho. Asubuhi mbuzi wake wakakata kamba, wakala maharage yetu. Mbuzi hao bibi angewasamehe. Kilichomuuma ni kwamba mzee alimtuma mtoto alete pole, na kwetu pole haitumwi.

Mzee hakuja tena. Tulimbembeleza bibi atumalizie, maana kisa alikijua. Akakataa. "Hadithi huifunga aliyeifungua," alisema. Wiki zikapita, na mimi nilikuwa naondoka kwenda sekondari Biharamulo. Niliogopa kuwaacha wazee wale wamenuniana.

Jioni ya mwisho bibi alijifunga kitenge chake cha kanisani, akanishika mkono hadi kwa jirani. Shikamoo yangu haikuitikiwa; walikuwa wanatazamana.

"Njoo umalize kisa chako. Mjukuu anaondoka."

Mzee aliinama. "Mimi ndiye niliyepaswa kuja, mama. Niliona haya. Ila maharage yako matamu, mbuzi bado wanayasifia."

"Basi waje wamenye nao."

Akaja. Kobe, alisema, akabisha hodi. Kisha mzee akavuta fungu la maharage, akaanza kumenya.

"Ndiyo hiyo tu, babu?" nikauliza.

"Ndiyo hiyo tu. Hodi hiyo mimi imenishinda msimu mzima."

Wote wawili wameshatangulia, na siku hizi pole hutumwa kwa simu. Mimi nimehama miji mingi, lakini pole naipeleka kwa miguu yangu. Hata sasa naenda kwa kaka yangu, tuliyekorofishana naye tangu tulipomzika bibi.

Asubuhi ile ya kwenda sekondari mzee alinibebea godoro hadi barabarani, bibi akifuata na kikapu, wakibishana njia nzima nani alilima vizuri zaidi. Gari lilipoondoka niligeuka nyuma. Walikuwa bado wanabishana, wakirudi nyumbani pamoja.