Neno Alilolichagua Ofelia

Miaka kumi na moja Ofelia Tzoc aliishi Nebraska kwa kuazima mdomo wa binti yake. Benki, kliniki, ofisi ya shule, kote alimtanguliza Yesenia, naye mtoto akatafsiri huku akichezea zipu ya koti lake. Ofelia alikuwa hodari wa kisu. Katika mstari wa kiwanda cha nyama hakuna aliyetoa mfupa begani upesi kama yeye. Lakini msimamizi akimfokea, aliinamisha kichwa tu, kwa sababu hakuwa na Kiingereza cha kumjibu.

Ndiyo maana Mwalimu Kolterman alipofungua darasa la Kiingereza katika chumba cha chini cha kanisa, Ofelia alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Mwalimu huyo, mama mstaafu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, hakuanza na matunda wala rangi. Aliwaandikia wanawake wale maneno ya kumweleza mtu au kitu kinachodhuru: mkali, katili, mjeuri, chenye sumu, cha hatari.

"Haya ndiyo mtakayoyahitaji kiwandani," alisema. "Mashine ikitaka kukukata, sema. Bosi akikunyanyasa, sema. Msinyamaze!"

Ofelia aliyabandika juu ya sinki na kuyakariri akiosha vyombo. Mumewe, Macario, aliyesafisha mashine za kiwanda hicho zamu ya usiku, hakuisha utani.

"Profesa, leo mimi ni yupi? Katili au mwenye sumu?"

"Wewe soksi zako ndizo zenye sumu. Zitoe nje kabla sijaita polisi!"

Macario alikuwa na kisukari. Alijidunga insulini kila asubuhi akirudi kazini, kisha akala tortilla na maharage, akalala. Asubuhi moja ya Februari alijidunga, akaketi avue buti, na usingizi ukamchukua palepale kabla hajatia kitu mdomoni.

Saa nne Ofelia, aliyekuwa na siku ya mapumziko, alimkuta jikoni amesimama, shati limelowa jasho, macho yanamtazama bila kumtambua. Akajua sukari imeshuka. Alimletea bilauri ya juisi.

"Kunywa, baba. Kunywa kidogo tu."

Macario, ambaye hakuwahi kumwinulia mkono, aliipiga ile bilauri ikamgonga Ofelia mdomoni, damu ikatoka. Kisha akateleza, akakaa sakafuni akinung'unika.

Ofelia alipiga simu ya dharura. Mwanamke aliyepokea alimwambia asubiri kidogo, amtafutie mkalimani. Ofelia akaona dakika zinakwenda, na Yesenia alikuwa shuleni. Na, aseme kweli, kulikuwa na chembe ya fahari ndani yake pia. Alisoma miezi sita. Angeweza.

"Mimi nasema Kiingereza," alijibu. "Mume wangu mgonjwa. Njooni upesi."

"Amekuumiza?"

"Ndiyo. Mdomo. Damu."

"Kuna kisu hapo?"

"Ndiyo, jikoni. Yeye yupo jikoni."

"Mama, nisikilize. Mumeo ni mtu wa hatari?"

Alilitambua neno lile mara moja: *dangerous*. Lilikuwa la tano kwenye karatasi yake. Akalisema vizuri, kila silabi mahali pake. "Ndiyo, wa hatari sana! Tafadhali, hatari sana!"

Yeye alitaka kusema kwamba Macario yuko hatarini. Neno alilolichagua lilisema kwamba Macario ndiye hatari.

Aliambiwa atoke nje, akatoka akidhani wanataka awaelekeze nyumba. Polisi walikuja na magari mawili, wakamvuta nyuma ya gari moja. Ambulensi ilifika pia, ikasimama kwenye kona ya mtaa, taa zinazunguka, kwani wahudumu hawakuruhusiwa kusogea mpaka polisi waseme ni salama. Kwa kipaza sauti wakamwita Macario atoke, mikono juu. Macario hakutoka.

Ofelia alitafuta neno la sukari. Miezi sita yote ilimtoka kichwani. Hata Kihispania alichokizoea kilimponyoka. Ikabaki Kik'iche', lugha ya asili ya mama yake tu, ambayo hakuna aliyeielewa pale. Akalia kwa lugha hiyo, akaonyesha mdomo wake kwa kidole, nao wakaona damu.

Dakika thelathini na nane. Walipoingia, Macario alikuwa bado ameegemea kabati, buti moja mguuni. Alifia njiani.

Uchunguzi ulisema kila mtu alifuata utaratibu. Familia ilisikilizishwa rekodi ya simu. Yesenia, mwenye miaka kumi na sita, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Mama, kwa nini hukunipigia mimi?"

Yesenia hakurudia swali hilo, na hilo lilimuuma Ofelia zaidi kuliko kama angelirudia kila siku.

Mwalimu Kolterman alikuja na bakuli la viazi, akakaa na koti lake mwilini, akalia.

"Mimi ndiye niliyekupa neno lile, Ofelia."

"Ulitufundisha ya mtu anayedhuru," Ofelia alisema kwa Kihispania, Yesenia akitafsiri. "Na la mtu anayedhurika ni lipi?"

"Sikuwa nimefika huko," alisema mwalimu.

Ofelia yupo kiwandani bado. Yesenia alikwenda kusoma mjini Omaha na hupiga simu Jumapili, maneno machache ya upole. Mwaka jana Ofelia alijikata kiganja, akapelekwa hospitali. Muuguzi kijana akamuuliza kwa Kiingereza chepesi kama anaumwa sana, na Ofelia akaelewa kila neno. Alitikisa kichwa, akaomba mkalimani. Wakamwambia itachukua saa mbili.

Akaketi, ameukumbatia mkono wake uliofungwa taulo, akasubiri.