Mahali Pasipo Kengele

Atabo binti Lokeno alikuja kufundisha nasi Kanamkemer, pembeni mwa mji wa Lodwar, mwaka 1973, akiwa amemaliza kidato cha sita na anangoja kwenda chuo kikuu Nairobi. Shule za Lodwar zilikuwa na walimu wachache, basi kijana yeyote aliyetoka masomoni aliitwa kushika chaki hata kama hakusomea ualimu. Yeye alipewa darasa la tatu. Mimi nilikuwa na la nne, na ukuta uliotutenganisha haukufika kwenye mabati, kwa hiyo kila alichowaambia watoto wake wangu nao walikisikia.

Kwao ni Kakuma. Baba yake alikuwa mfugaji aliyehama na wanyama kufuata malisho, na hakuna mtu katika boma lao aliyejua kusoma. Mwaka mmoja wa ukame masista wa misheni waliwagawia watoto uji karibu na laga ya Tarach, mto wa mchanga unaojaa wakati wa mvua tu, na baada ya uji wakawa wanawafundisha herufi. Atabo alifuata uji, akabakia kwa sababu ya herufi. Tangu hapo alisoma bila kukatika, akatoka Turkana kwenda shule ya bweni huko nyanda za juu, na sasa alikuwa msichana wa kwanza wa Kakuma kuitwa chuo kikuu. Watu walimpongeza mno hata akaanza kuogopa. Siku moja tukisahihisha madaftari aliniambia kwamba kila anayempongeza humwongezea mzigo kichwani.

Alikuwa akikaa kwa Mwalimu Bilha. Huyu alikuwa mama wa Kinandi aliyefundisha sekondari mjini. Mumewe, Kipkemboi, alikuwa afisa wa mifugo. Bilha mwenyewe alikuwa amepita chuo kikuu miaka michache nyuma, naye hakuwa mtu wa kupongeza. Jioni joto likipungua na upepo wa vumbi ukitulia, alitandika mkeka nje ya nyumba, akamketisha Atabo wachambue mchele, na humo kwenye kuchambua mchele akamweleza mambo.

Nilikuwepo mara nyingi, maana chai ya nyumba ile ilikuwa nzuri.

“Kitu cha kwanza,” Bilha alimwambia, “huko hakuna kengele. Tangu utoto wako umeamshwa na kengele, umekula kwa kengele, umelala kwa kengele. Ukifika chuo utaona kimya, utadhani ni raha. Mimi mwezi wa kwanza nililala mpaka jua limepanda, na hakuna mtu aliyekuja kuniuliza. Nilipokuja kushtuka wenzangu wako mbali. Kwa hiyo jipigie yako mwenyewe.”

Atabo akauliza atajuaje pa kwenda, kama hakuna wa kumwelekeza.

“Utawaona wengine wanatembea kwa haraka, wanabeba vitabu kama mawakili. Utafikiri wanajua waendako. Hawajui, mdogo wangu. Nusu yao wamepotea kama wewe. Uliza tu.”

Alimwambia pia kwamba mhadhiri hataandika ubaoni ili wanakili. Atazungumza, atakusanya karatasi zake, ataondoka, na anayejaribu kuandika kila neno hatasikia lolote. Atapewa orodha ya vitabu ambavyo mtu hawezi kuvimaliza akiishi miaka mia, basi awatafute wa mwaka wa pili wamwambie ni vipi vinavyosomwa kweli. Asijaze sahani kantini kwa sababu tu chakula kipo, maana mhadhara wa saa nane huwa mrefu. Na jambo ambalo Bilha alilirudia kila wiki mpaka nikalijua kwa moyo: ukikwama, nenda mlangoni kwa mhadhiri ugonge. Shuleni tulifundishwa kwamba mtoto mzuri ni yule anayenyamaza mbele ya mwalimu. Chuoni anayenyamaza husahaulika.

Lokeno, baba yake, hakuwa amekubali. Hakuwa amekataa pia. Alikuwa kimya, na kimya chake kilimtesa Atabo kuliko maneno. Likizo ya mwezi wa nane Bilha akasema hawezi kumpeleka mtoto wa watu Nairobi bila kuonana na wenyewe. Wakapanda lori la shehena la Kakuma, mimi nikawasindikiza kwa kuwa nilikuwa na jamaa huko, tukakaa juu ya magunia ya unga mpaka nguo zetu zikawa nyeupe.

Tulimkuta Lokeno chini ya mgunga, ameketi juu ya ekicholong, kile kigoda kidogo ambacho wanaume wa Kiturkana hukalia mchana na kulalia kichwa usiku. Tulisalimiana, ejok, ejok, mpaka habari za wanyama na za mvua zikaisha. Bilha alizungumza Kiswahili, Atabo akatafsiri. Sikumsikia Bilha akimwambia mzee kwamba elimu ni nzuri. Alimwambia tu mambo yatakavyokuwa: kwamba binti akirudi likizo ya kwanza ataonekana kama mgeni kwa siku chache, atatafuta maneno ya lugha yake yakamkimbia, na wasimcheke wala wasimwogope, maana yatarudi.

Lokeno alichora mchangani na fimbo yake. Kisha akasema yeye amehama maisha yake yote, na anajua kitu kimoja kuhusu kufika mahali pageni. Akamgeukia binti yake.

“Usikae kungoja watu waje kwako. Wao walikuwepo, wewe ndiye umefika. Siku ile ile, kabla hujaketi, nenda kwenye boma la jirani uombe kaa la moto, hata kama una moto wako. Akikupa, mmeshajuana.”

Hivyo ndivyo alivyotoa ruhusa. Mama yake, Nabei, ambaye alikuwa amesimama pembeni muda wote, alimvika shingoni mkufu wake mmoja wa shanga, akarudi kukamua mbuzi.

Yaliyofuata sikuyaona kwa macho. Atabo alinisimulia mwenyewe aliporudi likizo ndefu, na nayaeleza kama alivyoyaeleza.

Alifika chuoni mwezi wa tisa na sanduku la bati. Alipewa ufunguo wa chumba, akaketi kitandani, akatazama ukuta. Nje korido ilijaa wasichana wanaojuana, wakiitana kwa majina ya shule walizotoka. Akakumbuka habari ya kaa la moto. Chuoni hakuna moto wa kuomba, kwa hiyo alifikiri kidogo, akainuka, akagonga mlango wa jirani akaomba pasi.

Aliyefungua aliitwa Wahu, msichana kutoka Limuru, mrefu, mwenye sauti ya kusikika ghorofa mbili. Alimpa pasi bila kuuliza. Basi Atabo akarudi nayo chumbani asijue la kuifanyia, maana nguo zake alikuwa amezipiga pasi njiani, Kitale, kwa mwenyeji aliyemlaza, tena kwa pasi ya makaa. Hii ilikuwa ya umeme. Akaona si vizuri kuirudisha bila kuitumia, akaichomeka ukutani, akaiweka juu ya gauni lake la Jumapili kungoja ipate moto. Ilipata. Wahu alifuata harufu, akakuta kola imeungua na mwenye gauni ameshika mdomo. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akachomoa waya, akamwonyesha kitufe cha kupunguza joto, na jioni ile ile akakata ile kola na kushona nyingine kwa kipande cha kitambaa chake mwenyewe. Walikula pamoja tangu siku hiyo.

Maswali ya watu kuhusu kwao alikuwa ameonywa na Bilha atayapata, na aliyapata. Kama huko kuna shule. Kama amewahi kuona samaki, ilhali watu wa ukoo wa mama yake wanavua ziwani upande wa Kerio. Bilha alikuwa amemshauri anyamaze, yatapita. Alinyamaza, hayakupita. Mwishowe Wahu alimwambia aache kunyamaza, awaeleze, kwa kuwa wengi waliuliza kwa kutojua tu. Alianza kuwaeleza, na akaona kwamba anapenda kueleza. Jambo hilo, aliniambia, Mwalimu Bilha hakulipata sawasawa, na siku moja atamwambia.

Pigo lilikuja na insha ya kwanza ya Historia. Alikuwa ameifanyia kazi sana, amekaa maktaba mpaka macho yakauma, ametoa sehemu nzuri za kila kitabu na kuzipanga kwa mwandiko safi kama alivyofunzwa shuleni. Ilirudi na alama ya chini kuliko yoyote aliyowahi kupata, na chini yake mstari mmoja: nimesoma vitabu hivi tayari, nilitaka kukusoma wewe.

Hakulielewa neno hilo. Alielewa alama tu. Alifunga sanduku lake la bati, akalifungua, akalifunga tena. Aliona watu wa Kakuma wote waliompongeza wamesimama mstari mmoja. Aliponieleza hapa alisema hakuwa na ujasiri wowote. Alikwenda kugonga mlango wa mhadhiri kwa sababu Bilha alikuwa amelisema jambo lile mara nyingi mno, na miguu ikaenda yenyewe.

Mhadhiri alikuwa mzee mwenye miwani, ofisi yake imejaa karatasi mpaka kwenye kiti cha wageni. Aliondoa karatasi, akamkaribisha. Hakumgombeza. Alimsomea aya moja ya insha kwa sauti, kisha akauliza:

“Huyu mwandishi anasema hivi. Wewe waonaje?”

Atabo alimjibu kwamba hajui kama inaruhusiwa.

“Kuruhusiwa kufanya nini?”

“Kuona.”

Yule mzee alivua miwani. Akamwambia kwamba kazi yote ya pale chuoni ni hiyo, na kwamba kila mwaka hupata wanafunzi hodari ambao hakuna aliyewahi kuwaambia. Akamrudishia insha aiandike upya. Safari hii iliandikwa polepole, ikafutwafutwa, na kurasa zake zilikuwa nusu ya zile za kwanza. Alama haikuwa kubwa sana, lakini ilitosha, na pembeni mwa ukurasa wa pili mzee alikuwa ameandika kwamba hapo hakubaliani naye. Atabo alisema hajawahi kufurahi hivyo kwa kupingwa.

Mwezi wa nne chuo kilifungwa ghafla kwa mgomo. Wanafunzi waliambiwa asubuhi kwamba jioni wawe wameondoka. Wa karibu walichukua mabasi. Kwa Atabo haikuwezekana: mvua zilikuwa zimenyesha, laga zimejaa, malori ya Lodwar yamekwama njiani na hakuna aliyejua yatafika lini. Alikuwa bado amesimama na sanduku lake langoni Wahu aliposhika mpini wa upande mmoja.

“Shika huko,” alisema. “Mama anajua tunakuja wawili.”

Mama hakujua. Lakini aliwapokea wawili, akamfunika Atabo kwa mablanketi mawili kwa ajili ya baridi ya Limuru, akamfunza kuchuma maua ya pareto na kumwita binti yake mbele ya majirani. Wasichana wakakaa huko mpaka chuo kilipofunguliwa. Atabo alipomtaja mama yule sauti ilimbadilika. Alisema alikuwa ameishi akidhani kwamba shukrani ni kitu cha kulipa, na kwa yule mama hakuona pa kuanzia kulipa, basi akajifunza kuibeba tu.

Aliporudi Lodwar likizo ndefu alikuta Kipkemboi amepata uhamisho kwenda Nandi, na nyumba ya Bilha imejaa makasha. Vijana wawili wa sekondari, Ekal na Asekon, walikuwa wamepata nafasi chuoni mwaka ule, na Bilha hakuwa na nafasi ya kuwachambulisha mchele. Atabo aliwachukua yeye. Nilimsikia akiwaeleza mambo yale kwa namna yake, na alipofika kwenye habari ya maswali ya watu aliwaambia wasinyamaze. Bilha, akifunga vyombo kwa magazeti ndani, alitoa kichwa dirishani, akasema yeye hakuwa amefundisha hivyo. Atabo akamweleza kwa nini. Bilha alisikiliza mpaka mwisho, akakubali kwamba yeye mwenyewe amejifunza kuliko alivyofundisha, akarudi kwenye vyombo vyake.

Siku ya kuondoka lori lilisimama mbele ya nyumba tangu asubuhi. Tukiwa tunapakia, tulimwona Lokeno akija kutoka upande wa maduka, amevaa shuka lake jipya, anavuta mbuzi jike mweupe kwa kamba. Alikuwa amesafiri naye kutoka Kakuma. Alimsalimu Bilha, akamkabidhi kamba mkononi, akazungumza kwa Kiturkana huku Atabo akitafsiri.

“Anasema, binti yangu alipoondoka nilimhesabu amepotea. Amerudi, ananisalimu kama zamani, na amenipa habari za watu wazuri ambao sikuwajua. Anasema, wewe ulikuja ukaketi kwangu kabla hujamchukua. Anasema asante.”

Bilha hakuwa mtu wa machozi, lakini aliishika ile kamba kwa mikono miwili. Kisha akamwambia mzee kwamba yeye ndiye wa kushukuru, kwa sababu alikuja Lodwar akiwa na uchungu wa kupelekwa mbali, na nyumba yake ikapata mtoto wa kuongea naye. Dereva alisema mbuzi hapandi. Kipkemboi, aliyekuwa afisa wa mifugo na aliyejua kusafirisha wanyama kuliko viti, alisogeza kabati, akamfungia mbuzi pembeni kwenye kivuli, na wakaondoka hivyo hadi Nandi.

Vumbi lilipotua, Lokeno alitaka chai. Tuliketi kwenye mkahawa karibu na misheni kungoja lori la Kakuma. Alikunywa kikombe kizima. Ndipo akamwuliza binti yake, kwa mara ya kwanza tangu binti alipofuata uji wa masista, ni kitu gani hasa anachosoma huko. Atabo alivuta kiti karibu, akaanza kumweleza, na lori lilipofika walikuwa bado wanaendelea.