Maharage Niliyoyaloweka Nambis

Siku niliyoondoka Nambis, kule Mbulu, sikuwa na mpango wowote, ila maharage yangu yalikuwa nao. Nilikuwa nimeyaloweka jana yake jioni, kilo nzima, kwenye ndoo ndogo ya plastiki iliyowahi kubeba rangi ya kupaka nyumba, na maharage yakishalowekwa hutarajia jiko. Hilo halikunijia kichwani. Niliamka, nikatoka nje kupiga mswaki, nikakuta ukungu umeondoka upande wa kusini na Mlima Hanang umesimama kule mbali, mweusi, peke yake. Nilikuwa nimeutazama miezi mitatu nikivuna vitunguu saumu vya watu, na asubuhi ile ndipo nilipojiuliza kwa mara ya kwanza: ukiwa chini yake unaonekanaje?

Mimi nikishajiuliza, miguu huanza kujibu. Hata shule niliiacha hivyo hivyo, nikitaka kujua lori lililopita kijijini kwetu kila wiki lilikuwa linatoka wapi. Nikarudi ndani, nikakunja blanketi, nikafunga begi, nikachukua ndoo.

Mama mwenye nyumba, aliyekuwa amenipa stoo nilale kwa muda wa mavuno, alikuwa anakamua ng'ombe. Kwamba naondoka hakushangaa. Alishangaa nilichobeba.

"Hiyo ndoo ina nini?"

"Maharage, mama. Niliyaloweka jana."

"Unahama na maharage yenye maji?"

"Nikiyaacha, wiki yangu imekwenda."

"Basi kaa uyapike leo, uondoke kesho."

"Kesho ukungu utakuwa umerudi."

Akamgeukia ng'ombe, kama vile huyo ndiye aliyebaki na akili pale uani. "Umemsikia huyu?"

Inabidi nieleze jinsi kilo moja ya maharage inavyoweza kuwa wiki ya mtu. Nilipofika Nambis nilikuwa nakula kama wanavyokula wanaume wengi wasio na makazi: asubuhi chai na maandazi, mchana chapati na chai, jioni nikipata ni chapati tena. Siku moja nikiwa na kiroba begani niliona nyota saa tano mchana, nikakaa chini katikati ya shamba bila kupenda. Muuguzi wa zahanati alinivuta kope la chini, akatazama, akaniuliza nakula nini. Nikamwambia.

"Wewe unakula rangi moja tu," akasema. "Kahawia."

Nikamweleza kwamba mfuko wangu ni mdogo.

"Na tumbo lako si kubwa. Vitatoshana." Akanitajia: maharage, dagaa, mboga za majani, unga wa dona badala ya ule mweupe, na limau la kukamulia juu yake. Nyama hakuitaja kabisa, nikamheshimu kwa hilo.

Kwa kuwa mimi hupenda kujua kitu kitafika wapi, nililigeuza jambo lile kuwa mchezo. Kila siku ya soko nilishika pesa ya wiki mkononi, ndogo kiasi kwamba wauza nyama hawakuniita, nikaona itanipeleka mpaka wapi. Dona ilikuwa rahisi kuliko sembe, maana hakuna anayeigombea. Dagaa nilipimiwa kwa kikombe. Limau nililipata bure nikiwachekesha kina mama. Mnafu, mboga ya majani ya kijani isiyopandwa na mtu, ulijiotea wenyewe pembeni mwa mashamba, na mwenye shamba alinishukuru kwa kuuchuma. Maharage niliyapika yote kwa mkupuo mmoja kuokoa mkaa, kisha kila jioni nikayachemsha upya. Baridi ya Mbulu ililinda mengine mpaka kesho. Baada ya majuma machache nyota zilirudi usiku, mahali pake.

Kwa hiyo ndani ya ndoo ile kulikuwa na nguvu zangu zote mpaka nipate kibarua kingine. Pesa ya wiki ilikuwa imeshaishia humo. Maharage yakichacha, ningerudi kwenye chai na maandazi, na hapo nilikuwa napafahamu.

Barabarani nilipata lori lililokuwa linakwenda Katesh likiwa tupu. Dereva alikuwa mtu wa maneno, na alikuwa na nafasi mbele. Niliibana ndoo katikati ya miguu.

"Pombe?" akauliza.

"Maharage."

"Yanakwenda wapi?"

"Ninakokwenda mimi."

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Sijui bado."

Akabadili gia. "Basi yamepata kiongozi."

Mpaka tunaanza kushuka, jua lilikuwa limepanda na joto la bondeni linaingia dirishani. Njia ilitutikisa, na kila tulipotikisika ndoo ilitoa sauti kama mtu anayeguna. Mfuniko ukaanza kuvimba katikati. Dereva aliutazama kwa jicho moja, jicho la pili likiwa kwenye kona.

"Kaka, hiyo ikilipuka, mimi nitasema sikujui."

"Kweli hunijui."

"Ndiyo, sitadanganya."

Mchana alisimama kwa shangazi yake, mama mmoja mzee mwenye nyumba ya bati na ng'ombe wawili. Tulitoa shikamoo, tukawekwa kwenye viti, na kabla hatujamaliza kuulizana habari za nyumbani lilikuja bakuli la kande na jagi la maziwa ya mgando. Mahindi, maharage, maziwa: muuguzi angepiga makofi. Lakini nilipokuwa natafuna nilikuwa nawaza ya kwangu. Mlo ule ulikuwa wa siku ile tu. Ndooni mlikuwa na siku zilizobaki. Nikaona jikoni moto unawaka, hauna chungu juu yake.

"Shangazi," nikasema, "naomba huo moto kidogo nichemshe maharage yangu."

Dereva akaacha kutafuna.

"Kijana," akasema shangazi polepole, "kwangu umeona kimepungua nini?"

"Hakijapungua kitu, shangazi. Ni haya tu, yatachacha."

"Mgeni apike kwangu? Watu wapite njiani waone mgeni anapuliza moto, na mimi nimekaa. Watasema nini?"

"Watasema ana maharage," akasema dereva.

"Wewe nyamaza, ule." Akanigeukia. "Nitakupikia mimi. Lala hapa, kesho yatakuwa tayari."

"Shangazi, mzigo unaningoja Katesh," dereva akasema.

"Basi mzigo umenikosesha mgeni." Hata hivyo aliifungua ndoo, akarudisha kichwa nyuma, akaenda kuyasuuza kwa maji mapya. Mimi hakuniruhusu hata kushika kopo. Halafu akaniongezea kande, kama adhabu.

Tuliporudi garini dereva alinicheka mpaka akapunguza mwendo. "Huku mgeni hapiki. Umekaa Nambis miezi mitatu, hilo hujalijua?"

"Nambis nilipika kila siku."

"Nambis ulikuwa kibarua. Kibarua ana jiko lake. Mgeni ana kiti tu."

Nilishuka Nangwa. Mlima sasa ulikuwa mbele yangu, mkubwa kiasi kwamba haukuonekana wote, na nikaambiwa kwamba barabara ya kupanda inakwenda Gitting, kwenye viazi na ngano, na kwamba huko kibarua hakikosekani. Nikaanza kutembea, ndoo mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha kichwani.

Njiani kulikuwa na boma la wafugaji, na mzee mmoja amekaa kwenye kigoda akiwangoja ng'ombe warudi. Nikampa shikamoo. Aliitikia, akaita ndani, mke wake akaniletea maziwa ndani ya kibuyu, yenye harufu ya moshi. Nilikunywa. Safari hii nikajifanya mjanja.

"Mzee, ningeweza kukukatia kuni kidogo."

"Kwa nini? Kuni zipo."

"Basi nizitumie zilizopo. Nina chakula changu hapa kinataka moto."

Akaomba akione. Nikafungua. Harufu ilikuwa kama ya togwa iliyosahauliwa, na povu limekaa juu, jeupe. Alitazama muda mrefu, kwa adabu.

"Hiki ni chakula cha watu?"

"Ndiyo, mzee. Ni maharage."

"Mbuzi watakipenda."

Ndani mke wake akacheka. Akatoka, akachungulia na yeye. "Yanapumua," akasema. "Wahi nayo."

"Naweza kuyawahi hapa hapa, mama, mkinipa moto."

"Moto wa nyumba hii ni wa huyu," akasema mzee, akimwonyesha mkewe kwa kidevu, "na huyu hawezi kumpa mgeni mwiko."

"Kama nisingekuwa mgeni?"

"Ungekuwa nani? Ndiyo kwanza nakuona."

Swali hilo nilipanda nalo njia nzima. Baridi ilianza kurudi, nikaishukuru kwa niaba ya ndoo. Jua likiwa limeegemea upande wa magharibi niliingia Gitting, mahali pa udongo mweusi na upepo wenye harufu ya majani ya viazi. Nyumba ya wageni ilikuwapo moja. Mhudumu alinitazama mimi, akatazama ndoo, akanionyesha maandishi ukutani: hairuhusiwi kupika chumbani. Hata huko nilikuwa mgeni, tena wa kulipa.

Nikasimama barabarani. Siku nzima nilikuwa nimeshibishwa na watu wema, na wema wao ulikuwa unaniozeshea wiki. Ndipo maneno ya dereva yaliponirudia. Mgeni ana kiti, kibarua ana jiko.

Muuza duka alinielekeza kwa mama mmoja mwenye vyumba vya kupangisha nyuma ya stoo ya viazi. Nilipiga hodi, na nikaona kutoka mlangoni kwamba chai ilikuwa mezani, na kikombe cha ziada kimeshafunuliwa. Nikasema haraka, kabla mkono wake haujafika kwenye chupa.

"Shikamoo, mama. Sijaja kama mgeni. Nimekuja kupanga."

"Marahaba. Kaa kwanza, unywe chai."

"Mama, nikinywa chai yako nimekwisha."

Akaweka kikombe chini. Alikuwa mtu mzima, mwenye kitenge kilichofungwa kwa nguvu na macho yasiyo na haraka. "Chumba kipo," akasema. "Utakaa siku ngapi?"

Mimi vyumba nilikuwa nimezoea kuvikopa kwa usiku mmoja mmoja, kwenye stoo, kwenye vibanda, chini ya turubai. Nikaitazama ndoo.

"Mwezi," nikasema, na neno lenyewe lilinishangaza lilivyotoka.

"Kazi?"

"Viazi, kama vipo."

"Viazi vipo. Watu ndio wanakimbia."

"Na jiko?"

"Jiko ni la mpangaji. Liko kule chumbani, na mkaa uko kwenye debe. Utalipa ukianza kibarua."

Nikakiona chumba baada ya kukikubali. Kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha moja lililotazama mlima, na jiko la udongo lenye ufa. Nililiwasha kabla sijatua begi. Maharage nikayamwaga kwenye beseni uani, nikayaosha, nikayaosha tena. Yalikuwa mazima. Mengine yalikuwa yamechomoza vijimkia vyeupe.

Mama mwenye nyumba alikuja kuona ni mpangaji gani huyu anayekataa chai. Akaokota moja, akalitazama mkia.

"Haya yalitaka kuota. Ungechelewa mpaka kesho, ungetafuta jembe."

Nikamsimulia safari ya ndoo, tangu Nambis. Alicheka kwenye sehemu ya mbuzi. Nikamweleza pia kuhusu muuguzi na rangi yangu ya kahawia, kisha nikabandika sufuria, nikainamia jiko. Maharage yalipoanza kuchemka, yalitoa ile harufu ya nyumba yenye watu. Akavuta kigoda chake mpaka mlangoni pangu, akakaa, na baada ya muda kidogo, bila kufikiri, akanyoosha mkono kuchukua mwiko.

"Hapana, mama," nikasema. "Kaa. Kwangu mgeni hapiki."

Alinitazama, mkono ukiwa bado hewani. Kisha akaurudisha mapajani.

"Sawa, mwenyeji," akasema. "Lakini naona hapo hakuna kijani."

Akainuka, akaenda nyuma ya stoo, akarudi na pindo la kitenge limejaa mnafu.